Mawimbi Tuliyoyafundisha Mbali na Bahari

Wewe uliyekabidhiwa maabara yangu, la kwanza: meza ya dirishani ina mguu mmoja mfupi. Usiutegemeze kwa karatasi, italowa. Weka kigae. La pili: mliniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kufundisha fizikia hapa Bariadi, na mimi nimekaa na kalamu siku kadhaa nikiutafuta huo uzoefu nisiuone. Ninaokutana nao kila nikifumba macho ni watu. Basi nitawaandikia watu, na fizikia mtaiokota humo humo njiani.

Nilipangiwa shule hii nikiwa binti niliyetoka tu chuo cha ualimu. Nilishuka Malampaka kwa treni, sikupata basi, nikapanda lori lililokuwa limetoka kushusha pamba stesheni. Nilikaa nyuma juu ya turubai. Nilipofika, mkuu wa shule alinitazama kichwani, nywele zimejaa nyuzi nyeupe za pamba, akasema, "Karibu, madam. Naona kilimo umeshaanza." Hayo ndiyo mafunzo ya awali niliyopewa. Mchana wake nikaingia darasani.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara huria ilipoanza kuufikia mji. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa sabuni za rangi, redio, vitambaa, baiskeli. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia hadi vijijini Kasoli na mizani zao. Kila kitu kilipatikana, isipokuwa vitu vya maabara. Serikali ilikuwa imeacha kuvileta na hakuna mfanyabiashara aliyeona sababu ya kuvileta. Kabati letu lilikuwa na sumaku moja iliyochoka, lenzi mbili, na chupa tupu ambazo hakuna aliyekumbuka zilikuwa na nini.

Tulichokuwa nacho ni Mwalimu Hatibu. Alikuwa mtu wa Pangani, pwani, mrefu, mwembamba, aliyepangiwa huku ujanani akaoa na kubaki. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Chetu sisi Wasukuma kinatembea kwa miguu. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alipokuwa akikasirika alizidi kuwa na adabu. "Bwana mdogo," angemwambia aliyevunja kitu, "ungelinijulisha mapema kwamba unakusudia kukivunja, ningelikiaga vizuri." Mvunjaji alitamani bora achapwe.

Mada ya kwanza niliyopewa kufundisha ilikuwa mawimbi. Nilijaza ubao. Kasi, urefu wa wimbi, marudio, mishale huku na huku. Nilieleza jinsi mawimbi marefu ya bahari yanavyobadilika yakifika kwenye maji ya kina kifupi karibu na pwani. Darasa zima liliandika kimya. Mwishoni msichana mmoja akanyoosha mkono. "Madam, samahani. Bahari ina sakafu?"

Nikamwambia ndiyo, ina sakafu.

"Basi mimi nilidhani ni maji tu mpaka chini," akasema, akakaa, akayafuta yote aliyoyaandika.

Mwalimu Hatibu alikuwa ameketi nyuma akinisikiliza. Tulipotoka hakunisema. Aliniuliza tu, "Wewe mwenyewe bahari umeiona, binti yangu?" Nikamwambia niliiona mara moja, nikiwa chuoni, kwa mbali. "Basi umewafundisha herufi," akasema. "Kesho tuwafundishe maji."

Kesho yake alitoa stoo kile chombo mnachokiona mpaka leo juu ya kabati. Ni fremu ya mbao ya mninga, chini kioo cha dirisha, pembe zimezibwa kwa lami aliyoiomba kwa watu wa barabara. Alikiweka juu ya viti viwili, akatia maji kiasi cha kidole kimoja. Kioo cha kujitazamia kikawekwa dirishani kuushika mwanga wa jua na kuupiga kwenye maji, na chini sakafuni shuka jeupe la mkewe. Aligusa maji kwa ubao mwembamba, kwa mpigo wa taratibu, na kwenye shuka vivuli vya mawimbi vikaanza kutembea kama mistari ya daftari iliyopata uhai. Kisha akalaza kipande cha kioo kinene ndani ya maji, upande mmoja, ili pale kina kipungue. Mistari ilipofika juu ya kile kioo ikapunguza mwendo, ikasogeleana. Alipokiweka kioo mshazari, ikapinda.

Mnapofanya jaribio hili, maji yawe machache sana juu ya kioo, yaani yakifunike tu. Yakizidi, hamtaona kitu na mtawalaumu wanafunzi.

"Mawimbi madogo ya upepo ni watoto," alikuwa akiwaambia. "Yanacheza juu juu. Wimbi refu ni mtu mzima. Linatoka mbali, huko kilindini halionekani wala halitambuliki, mashua inapanda na kushuka bila kujua. Lakini miguu yake ni mirefu. Likifika penye maji mafupi, miguu inagusa chini. Hapo haliendi tena litakavyo, linakwenda kwa ruhusa ya sakafu. Kina kikipungua, nalo linapungua kasi. La nyuma bado lina mbio, linalikaribia la mbele. Yanabanana, yanainuka, ndipo unayaona."

Nilifundisha fizikia mpaka nywele zimekuwa mvi na sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Sasa niwaambie kuhusu Minza.

Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa kijiji cha Kimali kule Meatu, wa familia ya wafugaji. Ndiye huyo aliyeuliza kama bahari ina sakafu. Alikuwa na kichwa cha ajabu kwa hesabu na ulimi usioogopa. Mwaka ule nilianza kuona anajikwaa jioni wakitoka kujisomea. Baadaye akawa anajigonga kwenye milango iliyo pembeni yake hata mchana. Daftari lake likapanda karibu na pua. Alificha kadiri alivyoweza, mpaka siku moja kwenye jaribio la vivuli alikaa akatazama lile shuka, wenzake wote wakishangilia, naye akanong'ona, "Madam, mimi naona weupe tu."

Nilimpeleka Mwanza hospitalini mwenyewe. Daktari alikuwa mpole. Alisema ugonjwa ule unakula macho kuanzia pembeni kwenda katikati, na hakuna dawa. Kwenye treni ya kurudi Minza aliniuliza kama ni kweli, au daktari amechoka tu leo. Nikamwambia ni kweli. Akageuka dirishani, akaniomba nimtajie kila kinachopita. Nikamtajia. Miti, mbuzi, mama mwenye ndoo, mlima wa mawe. Nilipochoka nikasema hakuna kitu. "Hakuna kitu si kweli, madam," akasema. "Sema nyasi."

Baba yake, Mzee Maduhu, alikuja wiki iliyofuata kumchukua. Alikuwa mtu mzito wa kusema, ana fimbo ya kuchungia mkononi kama kalamu ilivyo kwangu. Ukoo ulikuwa umeshafanya tambiko kwa ajili ya macho ya mtoto, mbuzi mweupe, na halikusaidia. Alinisalimia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, akakaa kwenye kiti cha ofisi bila kukiegemea.

"Mwalimu," akasema, "simtoi shule kwa ubaya. Hapa kuna visima, kuna magari ya pamba yanakimbia. Nyumbani anajua kila mahali. Mtoto haoni. Anasoma nini?"

Mkuu wa shule aliinamisha kichwa. Naye alikuwa na wasiwasi: hatukuwa na vitabu vya wasioona, wala mwalimu wa hivyo, na mtihani wa fizikia una sehemu ya vitendo. Mimi nilitaka kusema, machozi yakanitangulia. Mwalimu Hatibu ndiye aliyesema.

"Mzee Maduhu, tupe siku moja tu. Jumamosi tunawapeleka watoto Lamadi, ziwani. Fuatana nasi. Ukirudi, uamuzi wako tutauheshimu."

Mzee aliigeuza fimbo mkononi. "Ziwa," akasema. "Sijawahi kulikaribia. Haya."

Lori tulilipata kwa mnunuzi mmoja wa pamba, mtu mwema ambaye mtoto wake alikuwa anafeli somo langu. Mwalimu wa biolojia alitupa onyo refu kuhusu kichocho, na wavuvi wa Lamadi wakatuonyesha mahali pasipo na viboko. Siku zote ulizeni wavuvi kwanza. Viboko hawasomi ratiba ya shule.

Upepo ulikuwa umevuma usiku kucha huko mbali kwenye ghuba, asubuhi ukatulia, na mawimbi yalikuwa bado yanakuja, mapana, bila povu. Si bahari, lakini pale mchanga unateremka polepole sana, unaweza kutembea mbali kabla maji hayajafika kifuani. Hatibu alivua viatu, akasimama anatazama maji. Nadhani kwa muda ule alikuwa kwao.

Kisha akamwita Minza. "Njoo, binti. Leo somo halihitaji shuka."

Mimi nilimshika mkono wa kushoto. Mzee Maduhu alikuwa amesimama mbali mahali pakavu, lakini alipoona mwanawe anaingia majini, aliiweka fimbo chini, akaingia na viatu vyake vya tairi, akamshika mkono wa kulia. Tulikwenda taratibu mpaka maji yakamfika Minza kifuani.

"Simama hapo," Hatibu akasema kutoka nyuma yetu. "Usiniambie kitu. Sikiliza kwa mwili."

Wimbi lilikuja, likatuinua kidogo kwa upole kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala, likapita. Jingine. Jingine. Minza alikuwa akitikisa kichwa kufuata. Tulikaa hivyo mpaka midomo yetu ikawa baridi. Kisha Hatibu akatuambia turudi nyuma, mpaka maji yakawa magotini. Hapo mawimbi yalikuwa mengine kabisa: yalisimama, yalipiga, yaliteka mchanga chini ya nyayo. Minza aliyumba, baba yake akamvuta. Bado kichwa kilikuwa kinatikisika.

"Madam," akasema ghafla. "Mpigo ni uleule!"

"Una maana gani?"

"Kule ndani lilikuwa linanijia, napumua, napumua, napumua, linakuja jingine. Hapa pia napumua vilevile. Nilidhani huku yatakuja harakaharaka kwa sababu yamekasirika. Lakini hayajabadilisha mpigo. Yamekuwa marefu kwenda juu tu, na ninyi mnasema yamebanana." Nikaona anahesabu jambo kichwani. "Kama yanafika kwa mpigo uleule, na nafasi kati yake imekuwa fupi... basi yanatembea polepole. Lazima. Hayana namna nyingine."

Mambo hayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni, na darasa lote lilikuwa limeyanakili, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyekuwa ameyaamini mpaka pale. Mwalimu Hatibu alijipangusa uso kwa leso, akasema ni maji ya ziwa.

Mzee Maduhu alikuwa haelewi Kiswahili chetu cha darasani. Akamuuliza binti yake kwa Kisukuma anachosema ni nini. Minza akamweleza, naye akimsikiliza huku anatazama mawimbi kwa macho yaliyofinywa, kama anayekagua kundi. Kisha akaanza kusema. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alimwambia binti yake kwamba linakuja moja sasa, liko mbali, ni kama mgongo wa fahali ndani ya nyasi, humwoni mwenyewe ila nyasi zinaachana. Sasa limekaribia. Sasa limeingia kwenye tope, la nyuma linalisukuma, kama ng'ombe wanapovuka mbuga wakati wa masika, wa mbele wanazama kwato, wa nyuma wanapanda juu yao. Sasa limevunjika, ni jeupe, jeupe kama pamba iliyopasuka. Linakuja jingine.

Minza alikuwa ameelekeza uso kule baba anakotazama. Aliniachia mkono mimi. Wa baba hakuuachia.

Kwenye lori, watoto wakiimba, mzee alikaa karibu nami. Tulipokaribia mjini akaniuliza:

"Mayu, hapa shuleni anasomewa na nani?"

"Wenzake, na sisi walimu."

"Likizo?"

"Likizo hana wa kumsomea."

"Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima," akasema. "Najua a, e, i, o, u. Huwa nasoma maandishi ya magunia."

Nikamwambia kwa upole kwamba madaftari yale ni ya Kiingereza.

"Herufi zake ni tofauti?"

"Hapana, mzee. Herufi ni zilezile."

"Basi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Minza alibaki shuleni. Likizo ile mimi na Hatibu tuliandika muhtasari wa kidato cha tatu wote kwa herufi kubwa, akaenda nao Kimali. Nilikwenda kumtembelea kabla shule hazijafunguliwa. Nilifika asubuhi, ng'ombe bado wako zizini, na kabla sijapiga hodi nikasikia sauti nzito nyuma ya nyumba. Sikuelewa lugha. Haikuwa Kisukuma, haikuwa Kiswahili.

"Te... wa-ve... slo-wu-si... do-wuni... ini... sha-lo-wu... wa-teri."

Ikanichukua muda kutambua kwamba nasikia maandishi yangu mwenyewe: The wave slows down in shallow water, wimbi hupunguza mwendo penye maji mafupi. Alikuwa anasoma Kiingereza kama kilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kama magunia. Hakuelewa hata neno moja. Minza alikaa karibu naye anachambua mboga, na kila sentensi ilipoisha anaigeuza kichwani, kisha anasema, "Nimepata, baba. Endelea." Na baba anaweka kidole kwenye mstari unaofuata.

Nilirudi nyuma mpaka kwenye uzio, nikajipangusa uso, ndipo nikapiga hodi kwa sauti.

Alimsomea hivyo kila likizo, mpaka kidato cha nne kikaisha. Fizikia, kemia, biolojia. Nimewahi kumsikia akisoma sura nzima ya moyo na mishipa ya damu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Mke wake aliniambia kwamba majirani walidhani amejiunga na dhehebu jipya.

Upande wetu, mkuu wa shule aliandika, akasafiri, akaandika tena. Simsifu mara nyingi lakini kwa hili namsifu. Ruhusa ikapatikana: Minza asomewe maswali, ajibu kwa mdomo, na badala ya vitendo apewe karatasi ya nadharia. Niwatoe wasiwasi mapema, alifaulu. Leo ni mwalimu katika shule ya wasioona mkoa mwingine, ana watoto wawili, na ananipigia simu kunisahihisha kila nikituma ujumbe wenye makosa, maana simu yake humsomea kwa sauti. Mwalimu Hatibu alistaafu muda mfupi baada ya mtihani ule, akarudi Pangani na mkewe Msukuma, ambaye alituandikia kwamba bahari inapiga kelele mno, hawezi kulala. Wote wawili wameshatangulia. Mzee Maduhu pia.

Lakini nataka kumalizia na siku ya mtihani wa fizikia.

Msomaji aliletwa kutoka shule nyingine, kijana nadhifu wa tai, Kiingereza chake kimenyooka kama kilivyotoka dukani. Sisi walimu wa shule hatukuruhusiwa kukaribia chumba. Nilikaa chini ya ukuta wa stoo, nikajifanya nasahihisha. Mzee Maduhu alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Kimali, safari ya kufa mtu, na alisimama nje ya uzio na suruali iliyojaa vumbi, hakutaka kuingia wala kukaa.

Baadaye Minza alinisimulia yaliyotokea ndani. Kijana yule alisoma swali la kwanza, haraka na kwa sauti ya puani. Minza hakushika kitu. Akaomba arudie. Akarudia vilevile. Moyo ukaanza kumpiga, jasho likamtoka. Aliyajua yote, lakini yalikuwa yameingia kichwani kwake kwa sauti nyingine, na mlango ule huyu mgeni hakuwa na ufunguo wake. Swali la pili, giza. La tatu, giza. Akafikiri, sasa nimekwisha, nimemtia baba yangu taabu ya bure.

Ndipo akasema, "Samahani, mwalimu. Naomba unisomee kama ilivyoandikwa."

"Ndivyo ninavyosoma."

"Hapana. Soma kila herufi, kama Kiswahili. Usiipambe."

Kijana akacheka kwanza. Kisha, na Mungu ambariki popote alipo, akajaribu. Alianza kwa aibu, akipunguza sauti ili wasimamizi wasimsikie. "Wa-ve," akasema. "De-pti." Na Minza akasema alihisi kama mtu amewasha taa. Walirudi mpaka swali la kwanza na kuanza upya.

Alipotoka alikuwa amelowa jasho, anapapasa ukuta. Nilikimbia kumpokea lakini mzee alikuwa ameshaingia ndani ya uzio bila kumwomba mtu ruhusa. Alimshika mkono. Hakumwuliza kuhusu maswali, hakujua hata ya kuuliza. Aliuliza lile tu lililokuwa ndani ya ujuzi wake.

"Amekusomea vizuri?"

"Hapana, baba," Minza akasema, akaegemeza kichwa begani kwake. "Ilibidi nimfundishe. Hajui kusoma kama wewe."